Kijarida cha Asali na Tiba Nilichonunua Tabora

Kwa shilingi 2,000 nilinunua, katika duka moja la dawa mjini Tabora, kijarida cha kurasa 32 kinachoeleza namna asali inavyoweza kutumika kama dawa nyumbani. Chapa yake ni safi, picha za mizinga ya magogo zinavutia, na lugha ni ya mtu aliyezoea kuandika.

Sura ya kikohozi ndiyo bora kuliko zote. Inashauri kijiko cha asali kwa kikohozi cha mafua, na ushauri huo una mashiko: mwaka 2018 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, nayo ilipendekeza asali kwa kikohozi cha aina hiyo kabla ya kukimbilia antibiotiki. Mambo yanaharibika kwenye sura ya kisukari, inayodai kwamba asali ya miombo haipandishi sukari mwilini. Inapandisha, iwe ya miombo au ya kwingineko. Isitoshe, nimekisoma kijarida chote mara mbili bila kuona onyo kwamba mtoto aliye chini ya miezi 12 hapaswi kulambishwa asali hata kidogo, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa kupooza), ambazo utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzizuia zisiote.

Nyuma ya jalada kuna tangazo la asali lenye namba ya simu. Nikarudi ukurasa wa 3, mwandishi anapoalika maswali ya wasomaji, nikakuta namba ni ileile.

“Mwanangu, huyu mwandishi ndiye mwenye asali hii?” nilimuuliza kijana wa dukani.

“Ndiye, mama. Hata chupa zile pale juu ni zake.”

Kuuza asali si kosa, hasa Tabora, ambako ni nadra kukosa ndugu mwenye mizinga porini. Kosa ni kunyamaza. Bungeni kwetu mbunge mwenye biashara inayoguswa na mjadala huanza kwa kutangaza maslahi ndipo achangie, na wanaomsikiliza wakajua wayapime vipi maneno yake. Majarida makubwa ya kitabibu nayo yalijifunza kwa kuchelewa. Mwaka 1967 New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti yaliyoandikwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard yaliyoyatupia mafuta lawama ya ugonjwa wa moyo na kuipunguzia sukari, bila kusema kwamba wenye viwanda vya sukari ndio waliolipia kazi hiyo. Jarida hilo lilianza kuwadai waandishi watangaze maslahi yao mwaka 1984, na habari ya malipo yale ikaja kufichuka mwaka 2016. Leo majarida mengi humtaka mwandishi ajaze fomu inayouliza hata malipo aliyopokea katika miezi 36 iliyopita.

Simdai mwandishi wetu fomu. Sentensi moja ukurasa wa kwanza, “Mimi ni mfugaji wa nyuki na ninauza asali,” ingetosha, na sura ya kikohozi isingepoteza chochote.

Asali yenyewe niliinunua, na ni nzuri kweli. Kijarida nimempa mkwe wangu, mwenye mtoto wa miezi 7, baada ya kuandika kwa kalamu kwenye jalada kwamba mwandishi anauza asali, na chini yake onyo la miezi 12.