Shimo la 7: inchi 14

Nyota mbili kwa uwanja huu wa gofu ya kompyuta. Nilikuwa naandika moja, nikaukumbuka mbuyu wa shimo la 12.

Uwanja wenyewe ni wa kubuni, mashimo 18 yaliyochorwa kana kwamba yako ufuoni baina ya Nyali na Shanzu. Umetengenezwa na mpenzi wa mchezo, bure, kwa wakati wake. Jina nalihifadhi, maana aliyeutengeneza ni mtu wa hapa hapa na sitaki kumuaibisha. Faili ina uzito gani, kompyuta iwe ya nguvu gani, hayo utayasoma unapoupakua. Mimi nina neno na shimo la 7.

Ni pa 3, yaani la kumaliza kwa mapigo matatu, yadi 164, grini (nyasi fupi zenye tundu na bendera) iko juu ya mwamba wa matumbawe, bahari kulia. Kwa macho hulipati jingine kama hilo. Unapiga fimbo namba 7, mpira unapaa vizuri, unatua yadi mbili nyuma ya bendera, unasita. Halafu unaanza kurudi. Unaipita bendera, unashika kasi, unatoka kwenye grini na kuteremka yadi 30 mpaka bondeni. Piga weji, fimbo ya kupaisha mpira karibu, unarudi miguuni pako. Piga tena, unarudi. Bendera ziko mahali panne na nimezijaribu zote. Ni moja tu, ya mbele kushoto, inayokubali mpira usimame.

Asiniambie mtu kwamba ni mkono wangu mbovu. Weka mpira upande wa juu wa tundu, yadi 6, kisha soma tofauti ya kimo unayoonyeshwa kabla ya kuputi, yaani kuubingirisha mpira tunduni. Inchi 14. Yadi 6 ni inchi 216, kwa hiyo mteremko ni kama asilimia 6.5. Kwenye nyasi za kweli tundu huchimbwa mahali ambapo mteremko hauzidi asilimia 3 hivi, yaani sentimita 3 kwa kila mita. Juu ya hayo, bwana huyu ameifunga kasi ya grini kwenye futi 12 za Stimpmeter, kile kijiti cha alumini chenye mfereji: unakinyanyua hadi mpira ujibwage wenyewe, kisha unapima umebingirika futi ngapi. Futi 12 ni kasi ya mashindano makubwa ya Marekani. Ukiichanganya na asilimia 6.5, msuguano wa nyasi haumudu tena uzito wa mpira. Hausimami, hata ukiusomea dua.

Kosa lilikoanzia naliona wazi. Grini ina kina cha yadi 20, na nyuma imeinuliwa mita 1.2 kuliko mbele ili ukiwa kwenye tii, pale pa kuanzia, uione yote na bahari nyuma yake. Baada ya kuinua, amepitisha burashi ya kulainisha, ile ya programu ya kuchorea, akidhani amemaliza. Burashi ile hulainisha kingo tu. Kimo cha nyuma na cha mbele kinabaki vilevile, na mpira haujali kama mteremko ni laini au una makunyanzi. Dawa yake ni kuteremsha nyuma sentimita 35 na kuinua mbele sentimita 35. Inabaki nusu mita, chini ya asilimia 3, na bahari bado unaiona. Ila ukiinua mbele, uinue na feawei, njia ya nyasi inayoingilia, la sivyo patatokea mdomo wa kurusha mipira pembeni. Kisha shusha kasi iwe 9 au 10. Kazi ya robo saa.

Nikamwandikia hivyo hivyo, salamu kwanza, hesabu baadaye. Jibu: "Kaka, jifunze kuputi."

Kuputi! Mpira wenyewe haujakubali kukaa nikauputi.

Tangu hapo kila kitu kinanikera. Minazi ya shimo la 3 ni mnazi mmoja ulionakiliwa mara arubaini, yote imeinama upande mmoja kama maamuma. Kugeuza kila mmoja kidogo na kuupunguza au kuukuza kwa asilimia 10 au 15 kungetosha. Na upepo! Umewekwa utoke magharibi, mchana kutwa, raundi baada ya raundi. Aliyewahi kusimama pale Mombasa Golf Club, mashimo 9 juu ya mwamba wa Mama Ngina, anajua upepo unatoka wapi. Kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki. Mashimo manne ya ufuoni yanaelekea kaskazini, kwa hiyo kusi ingekusukuma mgongoni na bega la kulia, na kaskazi ingekupiga usoni. Uwanja mmoja, michezo miwili tofauti kabisa. Ameitupa bahati hiyo.

Haya, nisidhulumu. Shimo la 12 amelichora mtu anayejua gofu. Pa 5, na yadi 240 kutoka tii umesimama mbuyu mmoja tu, katikati ya feawei. Kushoto kwake una yadi 35 za kulala mpira, lakini pigo la pili litapita juu ya banka, shimo la mchanga. Kulia una yadi 18 tu, na ukipenya unaiona grini wazi, unaweza kuifikia kwa mawili. Asubuhi huchagui ulivyochagua jioni. Kwa shimo hilo na la 15, pa 4 fupi inayokushawishi upige moja kwa moja ujute, nilishasogea hadi nyota nne.

Juzi likaja toleo jipya. Nikalifungua mbio. Rangi ya bendera imebadilishwa, na baharini zimeongezwa ngalawa mbili, nzuri, wallahi, tanga limejaa kusi kabisa, huku mshale wa upepo pembeni ya skrini bado unatoka bara. Nikaenda shimo la 7, nikauweka mpira yadi 6 juu ya tundu.

Inchi 14.

Nyota mbili, basi. Sijaufuta. Ukiupakua, chagua bendera ya mbele kushoto na utue mpira yadi 5 kabla ya grini, ujikokote wenyewe. Ikikuangukia bendera nyingine yoyote, andika 3 kwenye kadi uende la 8.