Inveta ya kilowati 5 yenye trei ya feni inayochomoka: hii nimeipenda!

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo nina furaha kwelikweli, kwa hiyo yale ya kwenye boksi nayaruka. Ni haibridi, yaani inatumia sola, betri na umeme wa gridi kwa pamoja, kilowati 5, betri ya volti 48, hayo mmeshayazoea. Mimi nataka mwone hapa chini. Sogeza kamera. Hapohapo!

Mnaziona hizi skrubu mbili? Nazima inveta, nashusha breka ya sola, nashusha ya betri, halafu nasubiri kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme huko ndani, zimalize chaji. Usiwe na haraka hapa, maana skrini inaweza kuwa imezima na huko ndani bado kuna volti mia kadhaa. Haya, bisibisi. Moja… ya pili… navuta. Trei nzima ya feni hii hapa, na chujio la vumbi juu yake! Bodi sijaigusa, stika ya waranti ipo vilevile. Jamani, hiki kitu tumekililia sana.

Mafundi mnaonitazama mnanielewa. Inveta inaletwa mezani imepiga shoti, mosfeti au IGBT zimekwenda, ukiifungua unakuta vumbi limeivika hitisinki, kile chuma cha kutolea joto, kama blanketi. Hizo mosfeti na IGBT ndivyo vipande vinavyokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unatoa joto. Joto likikosa pa kutokea, kipande kinaungua, na kikiungua kimoja huwa kinaondoka na wenzake. Kapasita nazo zinaumia polepole. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake unakatika nusu.

Tujaribu, msiniamini kwa maneno. Nimerudisha trei, nimewasha, birika na pasi zote zinavuta, skrini inasoma karibu wati 3,000. Kipima joto nakielekeza kwenye hitisinki: nyuzi 48, imetulia. Sasa nafunika chujio kwa kitambaa, kama halijaguswa kiangazi kizima. Sikilizeni feni… imeanza kulalamika. 53. 58. Hiyo 63, na bado inapanda! Mzigo ni uleule, hakuna nilichoongeza. Natoa kitambaa kabla sijaitesa zaidi… mnaona inavyorudi? Hewa tu, ndugu zangu!

Kwa hiyo wa Dodoma, Shinyanga, popote penye vumbi, chomoa chujio kila mwezi, piga brashi kavu, rudisha. Kazi ya dakika chache. Na mijusi haitapita hapa, maana mjusi akilala kwenye bodi anaunganisha asipotakiwa, na mnajua kinachofuata.

Kuna wanaoniandikia kwenye komenti kwamba zile nzito zenye transfoma ni bora. Kwa kuwasha pampu, nakubali, zinavumilia mshtuko wa mota vizuri. Ila zinakula betri hata zikiwa hazina kazi, na kuipandisha ukutani unaita watu wawili. Mimi kwa nyumba ya kawaida nabaki na hii.

Sasa kinachoniudhi. Kitabu chake kinasema upande wa sola mwisho volti 500, basi muuzaji anapiga hesabu: paneli ya wati 550 ina volti kama 50 bila mzigo, weka 10 kwa mfuatano mmoja, volti zinajumlishwa. Hapana! Hiyo 50 imepimwa kwenye nyuzi 25. Paneli ikipoa, volti inapanda. Ipeleke Makete asubuhi ya Julai, nyuzi 5, mfuatano wa paneli 10 unagonga kama 525. Jua linachomoza, inveta imekufa kabla hujanywa chai, na waranti hawakulipi. Funga 8, lala usingizi. Hili lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Na hawajaweka njia ya kujaza kapasita taratibu unapounga betri. Ile cheche inayoruka kwenye nguzo ya betri, pale unapofunga waya, inachoma kontakti na kuumiza kapasita. Betri nyingine za lithiamu zinajizuia zenyewe. Kama yako haina hiyo, gusisha kwanza kupitia rezista kubwa, kipande kinachobana mkondo, sekunde chache, ndipo ukaze waya. Ukaze kweli, maana kwenye wati 5,000 hapo inapita zaidi ya ampea 100, nati ikilegea inayeyusha plastiki.

Bei? Kariakoo inacheza duka kwa duka, ulizeni matatu kabla hamjatoa hela, na muulizie chujio la akiba. Mimi niliambiwa halipo, nikalipata duka la jirani. Kama tofauti na ile isiyo na trei ni ndogo, ongezeni, chukueni hii.

Video ijayo naifunga na pampu ya kisima, tuone inavyoistahimili ile sekunde ya kwanza mota inapoamka. Ratiba ya chaneli imehamia Jumamosi jioni, kengele ibonyezeni sasa hivi. Wenye paneli 10 kwenye mfuatano mmoja, niandikieni mko mkoa gani na paneli zenu zina volti ngapi, nitawapigia hesabu.