Chipu za PIT kwa vifaranga vya perege: uzoefu wangu

Nachagua perege wa kuzalisha mbegu, kwa hiyo sharti nijue kila samaki ni mtoto wa nani hata familia nyingi zikichanganywa bwawa moja. Kukata pezi ili kuweka alama hakutoshi, maana pezi huota tena. Ndiyo sababu nikahamia chipu za PIT, yaani vitambulisho vidogo vya kielektroniki vinavyochomwa kwa sindano ndani ya tumbo la samaki, na sasa naziamini, ila si kwa kila kifaranga.

Chipu yenyewe ni kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12, unene wa milimita 2 hivi na uzito wa takriban gramu 0.1. Haina betri. Ukisogeza kisomaji, mawimbi ya redio huiamsha nayo inatoa namba yake.

Wengi hufuata kanuni kwamba chipu isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Kwa hesabu hiyo, kifaranga wa gramu 5 anafaa. Mimi simchomi. Sindano inayopitisha chipu hiyo huacha tundu kubwa kwenye mwili mdogo, na utumbo uko palepale nyuma ya ngozi. Nasubiri afike gramu 10 au zaidi. Kama haiwezekani kusubiri, natumia chipu za milimita 8, ingawa hizo husomeka kwa karibu sana.

Mkono wa mchomaji una uzito kuliko aina ya chipu. Siku moja kabla siwalishi, tumbo liwe tupu. Nawalaza kwa mafuta ya karafuu, niliyoyayeyusha kwanza kwenye spiriti kwa kuwa hayashikani na maji. Sindano naiingiza kwa mshazari, kando kidogo ya mstari wa katikati ya tumbo, na mara ukuta wa tumbo unapoachia nasimama hapohapo. Ukizidi kusukuma unatoboa viungo vya ndani. Baadaye, kwenye beseni la maji yenye hewa ya kutosha, samaki hulala ubavu mashavu yakifunguka polepole, kisha ghafla anajigeuza na kuogelea.

Vifo ni vichache, vya siku za mwanzo, na huwapata zaidi wale wadogo. Ulaji hupungua, ukuaji nao hulegea kwa wiki moja au mbili, halafu samaki hao huwafikia wenzao wasio na chipu. Inanisikitisha kuona mtu akiwapima wiki ya kwanza na kutangaza kwamba chipu zimewadumaza. Wape muda!

Chipu nyingine hutoka kabla kidonda hakijafunga. Nyingi nazipata kwa kupitisha kisomaji sakafuni mwa tangi, nikizisafisha kwa dawa zinatumika tena. Kisomaji nacho kina udhaifu: samaki wawili wakipita pamoja, namba hugongana, na chuma kikiwa karibu usomaji unavurugika.

Samaki mwenye chipu akienda kuliwa, msome kwanza, umpasue, uitoe chipu, kisha umsome tena. Kile ni kioo, na mara nyingine hujificha kwenye mafuta ya tumbo.