Raba za vioo vya pikapu ya zamani: anza na ipi ukiwa Lubumbashi

Hilux yangu ni ya mwaka 1982. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haionekani Lubumbashi, na nikirudi kutoka shambani kwa njia ya udongo nafika nyumbani nyusi nyekundu kama mtu aliyepakwa. Mvua zikishaanza ni maji sasa, tone baada ya tone, siku zote kwenye paja la kushoto. Nilivumilia misimu miwili, ndipo nikaanza kuzunguka kwenye maduka ya piesi, yaani vipuri. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na mpangilio wa tano ulio hapa chini, kuanzia bora hadi wa kubahatisha, umetoka kwenye makosa hayo.

Kwanza jua unachonunua, maana mlango mmoja una raba za kioo za aina tatu. Kuna ile inayoonekana nje, pale kioo kinapozama mlangoni. Mafundi wetu wanaiita kwa Kifaransa lèche-vitre, yaani mlamba-kioo, na mwenzake yuko upande wa ndani. Kuna mfereji, wenye umbo la U na manyoya mafupi ndani kama mahameli, ambamo kioo kinapanda na kushuka. Halafu kuna raba ya kile kioo kidogo cha pembe tatu, ambacho pikapu za Hilux za kizazi changu zinacho.

Karibu kila mtu anakimbilia mlamba-kioo kwa sababu ndio unaoonekana umepasuka. Mimi nasema anza na mfereji. Mlamba-kioo unapunguza maji, hauyazuii yote. Hata gari jipya linaingiza maji kidogo ndani ya mlango, ndiyo maana chini yake kuna matundu ya kuyatoa. Mfereji ukiisha, kioo kinacheza, vumbi linapenya juu na pembeni, na mchanga ulionasa kwenye manyoya unachora kioo mistari ya wima ambayo hakuna sabuni itakayoifuta.

Usiende dukani mikono mitupu. Chomoa raba ya zamani, kata kipande cha urefu wa kidole mahali palipobaki pazima, uende nacho. Kwenye mkato utaona umbo lote: upana wa mdomo, kimo cha kuta, na kile kimeno kinachojishika kwenye bati. Muuzaji akikwambia, "Papa, hii njo ya Japani, hautapata ingine," weka vipande viwili bega kwa bega umwonyeshe. Pima pia unene wa kioo. Vioo vya milango kwa kawaida viko kati ya milimita 3 na 5, na hata nusu milimita inaweza kukuharibia kazi.

1. Mfereji wa Toyota wenyewe. Ukiupata, nunua bila kusitasita. Namba ya piesi ina tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine. Tano za kwanza zinataja kifaa: 68141 ni mfereji wa kioo cha mlango wa mbele wa kulia, 68151 wa kushoto. Zinazofuata zinataja gari, kwa hiyo mpe muuzaji namba ya shasi, asibahatishe. Kulia ni kulia kwako ukiwa umeketi ndani unatazama mbele. Sema hivyo waziwazi, kwa sababu wapo wanaohesabu wakiwa wamesimama mbele ya boneti. Tatizo ni kwamba kwa gari la miaka arobaini namba nyingine zimeshafungwa, yaani piesi zake hazitengenezwi tena, na zilizobaki zinaagizwa mbali na kungojewa.

2. Mfereji wa kuuzwa kwa mita. Najua wengi wangeuweka chini. Mimi nimeupandisha kwa sababu fremu ya mlango wa pikapu ya zamani ni rahisi, na raba nzuri ya mita yenye manyoya inakaa humo vizuri kama kipande chako cha mfano kimelingana. Pima kwa kamba mzunguko wote, ongeza kiganja kimoja. Kwenye kona kata herufi V kwenye kuta tu, mgongo uache mzima. Kama ndani kuna utepe wa chuma, pale ulipokata paka rangi, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo. Huu ndio uliomo kwenye mlango wangu wa kushoto.

3. Seti kamili isiyo ya Toyota, zile zinazopitia Dubai. Kwa mlamba-kioo, sina neno. Kwa mfereji, nina kisa. Seti niliyonunua ilikuwa na kuta nene kuliko za zamani, na mimi sikuwa nimebeba kipande chochote cha kulinganisha. Kioo kilipanda kwa kuugua. Usiku mmoja wa Desemba, mvua ikimwagika, kiligoma katikati, nikabaki na manivela, ule mkono wa kuzungushia kioo, mkononi. Basi ukiishika seti dukani, ikunje mpaka ncha zigusane: ikionyesha nyufa au weupe, irudishe. Isugue kwa kidole gumba, isikuachie weusi. Kwaruza manyoya kwa ukucha, yakitoka ndiyo basi. Raba inayofaa jua letu ni ya EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, kwa kuwa inastahimili jua na ozoni kuliko mpira wa asili.

4. Okazioni, yaani piesi zilizokwisha kutumika. Raba iliyochomolewa kwenye gari lililokufa imezeeka pamoja na gari hilo. Kinachofaa kununuliwa huko ni fremu ya kioo cha pembe tatu kama yako imeoza.

5. Mpira wa chambre à air, yaani tyubu ya ndani ya tairi. Fundi atakukatia bure. Utakuokoa wiki moja.

Wakati wa kufunga, tumia maji ya sabuni ili raba iteleze. Kataa oili ya injini hata fundi akisisitiza, maana mafuta yanaifanya EPDM ivimbe na kulegea. Baadaye silikoni ya kupuliza inatosha. Pandisha kioo polepole mara ya kwanza, na kikikaza usilazimishe, utaumiza mashine ya kukipandishia. Halafu weka noti ya franka 500 kwenye mfereji wa juu, funga kioo, uivute. Ikitoka bila ubishi, raba haijashika hapo. Rudia kila baada ya kiganja kimoja.

Na kabla paneli ya ndani ya mlango haijarudi, pitisha waya kwenye yale matundu ya chini ya mlango. Kwangu lilitoka tope jekundu la kujaza kikombe, na nyuma yake maji ambayo sijui yalikuwa humo tangu mvua za mwaka gani.