Galaxy A56 au Redmi Note 14 Pro+: Shilingi Elfu Hamsini Ziende Wapi?

Mwenye shilingi elfu hamsini hivi mfukoni, akiingia mitaa ya Luthuli au Moi Avenue, Nairobi, kutafuta simu mpya, hachelewi kuwekewa mbili mbele yake kwenye kaunta: Samsung Galaxy A56 5G na Redmi Note 14 Pro+ 5G ya Xiaomi. Matoleo yao ya kimataifa yalitoka mapema 2025, na tangu hapo bei zimekuwa zikipishana. Wiki hii hii ndiyo rahisi, wiki ijayo ni ile. Kwa hiyo sitahukumu kwa tofauti ya elfu mbili tatu, ambayo mteja anayejua kuomba apunguziwe anaweza kuifuta papo hapo.

Mpangilio wangu ni huu. Ya kwanza ni A56, kwa mtu anayenunua simu akae nayo miaka. Ya pili, tena kwa karibu sana, ni Redmi. Na kwa watu wa aina fulani nitakaowataja hapa chini, inapanda ikawa ya kwanza. Ya tatu ni Galaxy A55 ya 2024, ukiipata mpya na bei imeshuka kweli.

Kasi

Ndani ya A56 kuna chipu ya Exynos 1580, ya Samsung wenyewe. Redmi imebeba Snapdragon 7s Gen 3 ya Qualcomm. Zote mbili ni za nanomita 4, zina viini vinane, na hata viini vyenyewe ni vya muundo mmoja kutoka kampuni ya Arm. Tofauti ni kwamba kiini kikuu cha Exynos kinafika gigahazi 2.9, cha Snapdragon kinaishia 2.5. Upande wa michoro ya michezo, ambao Samsung hutengeneza kwa ushirikiano na AMD, Exynos iko mbele pia.

Je, utaiona tofauti hiyo? Kwenye WhatsApp, M-Pesa, TikTok na eCitizen, hapana. Anayekwambia utaiona anataka ununue. Utaanza kuiona ukikaa kwenye Call of Duty Mobile au eFootball muda mrefu, au ukihariri video za biashara yako ndani ya simu. Hapo A56 ina pumzi zaidi.

Kuna mchezo mmoja wa kwenye kaunta unaofaa kutajwa. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni RAM kumi na sita," yaani GB 16 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukisoma boksi, ni 8. Hizo nane nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, na hifadhi haina kasi ya RAM hata kidogo. Simu zote mbili zina mpango huo, kwa hiyo usilipe senti ya ziada kwa sababu yake. Pesa ya ziada iweke kwenye hifadhi. A56 haina nafasi ya memori kadi, Redmi nayo haina, na anayechukua A56 ya GB 128 atajikuta anafuta video za harusi kabla mwaka haujaisha. Chukua 256.

Betri, na hasa chaja

Betri ya A56 ni mAh 5,000. Ya Redmi ni 5,110. Tofauti hiyo haina maana yoyote. Zote zinakutoa asubuhi hadi usiku kwa matumizi ya kawaida, na zote zitalia mapema kama unashinda umewasha hotspoti, au kama wewe ni dereva wa teksi za mtandaoni na ramani haizimwi. Madereva, jambo moja: simu iliyoanikwa kwenye dashibodi jua la saa nane hupunguza mwanga wa kioo na kupunguza kasi ya kuchaji ili isiungue. Hilo halijali umenunua chapa gani. Ishushe karibu na matundu ya hewa.

Zinapoachana ni kwenye kujaza. A56 inapokea wati 45. Redmi inapokea wati 120, na ikiwa na chaja yake inajaa chini ya nusu saa. A56 inachukua saa moja na dakika kadhaa.

Sasa mchukue mtu wa Rongai ambaye stima ilipotea jana jioni. Imerudi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa kumi na mbili lazima atoke kwenda stejini. Mwenye Redmi anatoka nyumbani na asilimia mia. Mwenye A56, kwa makadirio ya Samsung wenyewe ya nusu saa, anatoka na 65 hivi. Asilimia 65 inamfikisha ofisini na inamvusha mchana, ndiyo maana sioni wati 120 kuwa sababu ya kumfanya kila mtu akimbilie Redmi. Namba hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega zinatisha kuliko hali halisi. Lakini kama kazi yako ni ya kutwa barabarani, bila meza wala soketi, na dakika kumi za kuchaji kwenye duka la mteja ndizo unazopata, basi achana na mpangilio wangu: nunua Redmi.

Wanaoogopa kwamba wati 120 zitamaliza tokeni watulie. Betri ya mAh 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi, yaani karibu moja ya hamsini ya yuniti moja ya stima. Ijaze kila siku kwa mwezi mzima, hujafikisha yuniti moja, hata ukihesabu kinachopotea njiani.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Boksi la A56 lina kebo tu. Chaja ni juu yako, na si chaja yoyote: inatakiwa iwe ya USB-C, ya wati 45, yenye maandishi PD na PPS (mifumo ya kuchaji kwa kasi), la sivyo simu itachaji polepole na utailaumu bure. Chaja za mia tatu za kando ya barabara, zenye maandishi makubwa ya "Super Fast", mara nyingi ukubwa wao ni wa maandishi tu. Kwa Redmi, muulize muuzaji afungue boksi uone chaja kwa macho, kwa sababu mizigo mingine, hasa iliyopitia Ulaya, huja bila chaja. Nayo ikipotea, usidhani utaazima ya mwenzako ofisini ukapata kasi ileile. Wati 120 zinataka chaja na kebo za Xiaomi wenyewe.

Ukiambiwa betri ni 6,200

Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Redmi Note 14 Pro+ iko katika sura mbili. Ya kimataifa ina betri ya 5,110 na chaji ya wati 120. Ya soko la China ina betri ya 6,200, chaji ya wati 90, na kamera ya kuvuta karibu ambayo ya kimataifa haina. Kwa karatasi, ya China inavutia zaidi, na muuzaji ataisifu hivyo hivyo. Shida ni mfumo wake. Umetengenezwa kwa watumiaji wa China: huduma za Google hazikupangwa kuwa msingi wake, arifa za programu zinaweza kuchelewa, na duka likiwa limeubadilisha kwa mkono ili simu ionekane ya kimataifa, masasisho huweza kukwama na programu za benki zikagoma kufunguka. Kwa hiyo swali la kumpima muuzaji ni rahisi: "Betri yake ni ngapi?" Akijibu 6,200 kwa furaha, umeshajua unachouziwa.

Soma pia jina lote. Kuna Note 14 Pro ya 4G, yenye chipu ya Helio G100-Ultra. Kuna Note 14 Pro 5G, yenye Dimensity 7300-Ultra. Halafu ndiyo kuna hii yenye alama ya kujumlisha. Ni simu tatu tofauti, na kwa mbali maboksi yanafanana kama watoto wa mama mmoja.

Thamani ya pesa

A56 ilikuja na Android 15 na ahadi ya matoleo sita mapya ya Android pamoja na miaka sita ya masasisho ya usalama, maana yake hadi 2031. Redmi ilianza na Android 14, na ahadi yake ni fupi zaidi. Kwa mtu anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili, hilo ni porojo. Kwa mtu ambaye simu yake ikizeeka inakwenda kwa mama kijijini, kisha kwa mdogo wake anayeingia chuo, ndilo jambo kubwa kuliko yote. Programu za benki huacha kufanya kazi kwenye Android kuukuu hata kama simu yenyewe bado ni nzima. Gawanya elfu hamsini kwa miaka minne, ni 12,500 kwa mwaka. Gawanya kwa sita, ni kama 8,300, na hata ukiongeza gharama ya kubadilisha betri mwaka wa nne hesabu bado inakaa vizuri.

Tena kioo. Cha A56 ni bapa, protekta inakaa yenyewe na fundi yeyote anaibandika. Cha Redmi kimepinda pembeni. Kinapendeza mkononi, sikatai, lakini protekta za kawaida huachia kwenye kingo baada ya wiki chache, na siku kikipasuka bei ya fundi itakushtua. Uliza bei ya kioo kabla ya kununua simu, wala si baada ya kuiangusha.

Redmi ina mambo yake mazuri: kamera kuu ya megapikseli 200 inayoshika maelezo mengi mchana, kioo chenye picha kali zaidi, na taa ya infraredi inayoifanya simu kuwa rimoti ya televisheni, ambayo nyumba yenye watoto wadogo itaishukuru. Kamera pana ya A56 ni bora, megapikseli 12 dhidi ya 8. Usiku, kwenye mwanga hafifu wa klabu za Westlands, zote zinahangaika. Mvua ya Aprili haizisumbui. Kwa kipimo cha kuzuia maji na vumbi, A56 ni IP67 na Redmi ni IP68. Na ukichukua Redmi, tenga robo saa siku ya kwanza uzime matangazo yanayochomoza ndani ya programu zake.

A55 nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: ina nafasi ya memori kadi. Inachaji kwa wati 25 tu, na chipu yake ni ya kizazi kilichopita. Kama haijashuka angalau elfu kumi chini ya A56, iache.

Kaunta

Kabla hujalipa, weka laini yako, piga simu, washa data. Bonyeza *#06# na ulinganishe namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, na zilizochapishwa kwenye boksi. Uliza waranti ni ya kampuni au ni ya duka, kwa sababu ya duka inadumu kadiri duka linavyodumu hapo lilipo. Ukilipa kwa M-Pesa, tazama jina linalotokea kabla hujathibitisha. Lisipokuwa lile la kwenye risiti, simama uulize. Na risiti iandikwe IMEI, si "simu moja, Samsung". Siku simu ikinyakuliwa kwenye dirisha la matatu pale Globe, hiyo namba ndiyo utakayoulizwa ukienda polisi kuandikisha kwenye OB, kitabu chao cha matukio.