Lotto-Pokal ya Hamburg 2022/23: nimeifuatilia msimu mzima, na nitarudi

Mimi ni mtoto wa Magomeni, sasa nalea wazee Hamburg. Zamu zangu zikiisha mapema katikati ya wiki, nyumbani sikai. Msimu wa 2022/23 jioni hizo nilizipeleka kwenye Lotto-Pokal, kombe la chama cha soka cha Hamburg, tangu raundi za mwanzo hadi fainali ya tarehe 3 Juni. Naandika kwa Waswahili wenzangu wa hapa ambao wakisikia mpira wa Ujerumani wanafikiria tiketi ghali za Bundesliga tu.

Raundi za mwanzo ni mchangani kabisa, ila mchanga wenyewe ni nyasi bandia na kuna taa. Mechi yangu ya kwanza nililipa yuro 6 kwa mzee aliyekaa nyuma ya meza ndogo na kisanduku chake cha bati. Jukwaa hakuna. Unaegemea uzio wa chuma unaokufika kiunoni, na mpira wa kurushwa unarushwa mbele ya pua yako. Nilimsikia kipa akimpanga beki wake dakika zote tisini, hadi sauti ikamkauka. Beki wa kushoto alikuwa amefika na gari la mafundi bomba, suruali ya kazi bado mwilini, akabadilisha viatu pale pale kwenye maegesho. Huyu mtu kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini, na usiku huu anateleza kwenye mvua kuokoa kona. Nilimpenda kama ndugu yangu.

Kinachowaniwa ni kikubwa. Ujerumani ina vyama 21 vya soka vya mikoa, kila kimoja na kombe lake, na bingwa wa kila kombe anaingia raundi ya kwanza ya DFB-Pokal, kombe la taifa. Timu za madaraja mawili ya juu hazichezi huku, zinaingia moja kwa moja, ndiyo maana HSV na St. Pauli, klabu kubwa za Hamburg, huwaoni. Mwaka 2022 bingwa wetu Teutonia Ottensen, timu ya daraja la nne, alipangiwa RB Leipzig ya Bundesliga akafungwa 8-0. Msimu huo wa 2022/23 akabeba kombe tena. Agosti 2023 akakutana na Bayer Leverkusen, nayo ya Bundesliga, na matokeo yakawa 8-0 vilevile. Wenzangu kazini wanauliza faida iko wapi. Leverkusen hao walimaliza ligi ya msimu ulioanza Agosti hiyo bila kupoteza hata mechi moja, na klabu ndogo ikifika raundi hiyo tu inapokea zaidi ya yuro 200,000. Hiyo ni pesa ya kuendesha timu za watoto miaka mingi. Na mchezaji atakayemsimulia mwanawe kwamba aliwahi kumkaba mtu wa Leverkusen, utamlipa nini kingine?

Fainali ilikuwa Hoheluft, uwanja wa SC Victoria. Ukishuka treni ya U3 kituo cha Hoheluftbrücke kisha ukachukua basi namba 5, hupotei. Jukwaa ni la zamani, lenye paa, na watu wanabanana vizuri. Siku hiyo fainali za mikoa zinachezwa nchi nzima, na ARD, televisheni ya umma, inazionyesha bure kutwa, kwa hiyo asiye na tiketi hana sababu ya kuzikosa.

Kasoro zipo. Chakula kwanza: kwenye viwanja vingi vidogo soseji ni za nguruwe tu, na sisi tusiokula tunabaki na chipsi. Klabu moja hata chipsi ziliisha kabla ya mapumziko, nami nilitoka kazini sijala. Kadi ya benki usiitegemee, beba pesa taslimu. Tarehe za mechi nazo zinahamishwa na matangazo ni ya Kijerumani peke yake. Mara moja nilifika nikakuta geti limefungwa, na baridi ile siisahau.

Natoa nyota nne kati ya tano. Raundi za mwanzo huanza kiangazi, kukiwa bado na mwanga hadi usiku. Ukienda, simama karibu na benchi la timu ndogo, si nyuma ya goli. Pale ndipo utawasikia wakiitana.