Paipu za oili za injini ya ndege: ndani mpira au Teflon (plastiki ngumu inayostahimili joto)?

Kwa nje zinaweza kufanana, zikiwa zimevikwa waya wa chuma uliosukwa. Tofauti iko ndani. Ya mpira huvumilia takriban nyuzi 121 za Selsiasi, na hukauka kadiri miaka inavyopita, hivyo ibadilishwe kwa ratiba. Ya Teflon hufika nyuzi 230 na haizeeshwi na oili, ila ikikunjwa kona kali hupata mkunjo usiotoka, hapo itupe.

Kutengeneza, ya mpira ni rahisi. Zungushia utepe pale utakapokata, kata kwa msumeno wa meno madogo, zungusha soketi (kipande cha nje cha kiungio cha ncha) kinyume cha saa hadi paipu iguse mwisho wake wa ndani, irudishe robo mzunguko. Paka oili nipeli (kipande cha kiungio kinachoingia ndani ya paipu), ikaze hadi libaki pengo lisilozidi milimita 0.8 kati yake na soketi. Kisha mulika ndani kwa tochi! Nipeli ikichubua mpira, kipande huning'inia na kuziba oili kama vali, na injini hukosa oili angani. Teflon haichubuki hivyo kirahisi, lakini kila ncha inahitaji pete yake kati ya waya na bomba la ndani la Teflon. Unyuzi mmoja wa waya ukinaswa chini ya pete, itavuja.

Yoyote ile, ipime kwa presha mara mbili ya ile ya kazi. Karibu na ekzosi, chagua Teflon, tena uivike ala ya kuzuia moto.